Nkwabi Ametutoka

Basi la Inyonga lilikuwa linanguruma, mizigo imeshafungwa juu, na Nkwabi alikuwa bado amesimama chini, begi mgongoni, akimtazama Dina.

"Sikuombi jambo kubwa," alisema. "Nakuomba jina."

"Unajua baba anasoma kila kitu kabla sijakiweka kwenye tovuti."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Baba yako nilishamwomba."

Dina aliinamisha macho. Vumbi la stendi lilikuwa limefunika viatu vyake vyeusi vya kanisani, alivyovivaa ili Nkwabi amkumbuke amependeza. Tangu alfajiri alikuwa amejiandaa kulia, hata leso alikuwa ameibeba. Sasa saa yenyewe ilikuwa imefika na hakuna kilichokuja. Kifuani palikuwa kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

"Siku ya Pasaka nilikula kwenu," Nkwabi aliendelea. "Kuna picha. Nimekaa kati ya mama yako na sufuria la pilau. Chini yake umeandika nini?"

"Nkwabi, basi litaondoka."

"Umeandika nini?"

"'Mama akiwa na mgeni.'"

"Nilipowaletea ndoo ya asali?"

"'Asali kutoka Ugalla, imeletwa na mgeni.'"

"Banda la kuku nilipolipaua, jua lile, mpaka mgongo ukabanduka ngozi?"

Dina alikumbuka vizuri maneno aliyoyaandika: banda jipya, kazi ya mgeni wetu. Neno "wetu" alikuwa ameliongeza mwenyewe kwa siri, akaona amefanya ujasiri mkubwa.

"Watu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Nkwabi alisema. Alitabasamu kidogo, tabasamu lile la upande mmoja. "Mimi jembe mmeshanipa. Jina ndilo mmeninyima."

"Nikikuandika jina, ukoo mzima watauliza ni nani huyu."

"Na mimi ndicho ninachotaka, waulize."

Kondakta aligonga ubavu wa basi. "Wewe Msukuma, unapanda au unaoa hapa hapa?"

Abiria waliokaa dirishani wakacheka. Nkwabi hakucheka. Aliushika mkono wa Dina, akautazama kama mtu anayetazama kitu alichokiazima, kisha akauachia.

"Sitakupigia simu," alisema. "Si kwa hasira. Jumapili nitafungua ule ukurasa wenu, nitasoma. Nikijikuta mgeni tena, nitajua kwamba kweli mimi ni mgeni, na mgeni huaga."

Akapanda. Basi likaondoka. Dina alibaki amesimama, leso mkononi, kavu.

* * *

Tovuti ile ilikuwa wazo la baba yake, Mwalimu Gervas, na iliitwa Nyumba ya Gervas. Kundi la simu la ukoo lilikuwa limevunjika baada ya watu kutukanana kwa sababu ya shamba la mpunga kule Mpimbwe. Mwalimu Gervas akasema hataki tena mahali pa kujibizana. Anataka mahali pa kupeana habari. Dina alipomaliza chuo Dodoma na kurudi Kawajense, hapo Mpanda, kusubiri ajira, kazi hiyo ikawa yake. Siku za wiki alichapa na kutoa nakala kwenye steshenari mjini. Jumapili aliandika habari za nyumbani, baba akazisoma kwa sauti, akasahihisha nukta, kisha zikaenda.

Lakini watu wote pale nyumbani walijua tovuti ilijengwa kwa ajili ya nani. Ilijengwa kwa ajili ya Getrude, dada yake Dina, aliyeolewa na fundi umeme akapelekwa Masasi na tangu siku hiyo hakurudi. Kila mara kulikuwa na sababu. Mara mimba, mara mtoto mchanga, mara mume ana kazi. Alichotuma ni picha. Mwalimu Gervas alizikuza picha za wajukuu kwenye kompyuta mpaka nyuso zikawa madoa, akawa anauliza, "Huyu ana meno mangapi sasa?" kana kwamba kompyuta ingejibu.

Ndiyo maana mshenga wa Nkwabi alipokuja hakufukuzwa, lakini hakupewa jibu. Alipewa kiti, akapewa maji, akaelezwa habari za mvua mpaka akaaga mwenyewe. Alipotoka, Dina alimfuata baba yake uani.

"Baba, Nkwabi ana kosa gani?"

"Hana kosa. Kijana mzuri. Anajua kazi."

"Basi ni Usukuma wake?"

"Ningekuwa na shida na Msukuma ningekula asali yake?" Baba alikuwa akifunga kuni, hakuinua kichwa. "Kijana anahamishwa Inyonga kusimamia ukusanyaji wa asali. Kesho Inyonga, keshokutwa Tabora, mtondo hujui wapi. Mimi nimeshakuwa na binti mmoja wa kwenye tovuti, Dina. Wa pili sitaki."

Dina angeweza kugombana na ubaya. Lakini upendo ule hakujua agombane nao vipi.

* * *

Jumapili baada ya misa, Dina alikaa mezani sebuleni na kufungua kompyuta. Ilikuwa siku ya pili ya ukimya. Hakuwa na huzuni, hakuwa na furaha. Chai aliyokunywa ilikuwa na ladha ya maji ya moto.

"Leo nina kikao cha jumuiya," baba alisema akiwa mlangoni, anavaa kofia. "Kuna nini wiki hii?"

"Kuku wametotoa. Goti la mama limepata nafuu. Bomba la jirani limepasuka, tunachota maji kwa mama Fabiani."

"Andika kuku ni yule mwekundu. Getrude anamjua mama yake." Akasita. "Weka tu, nitasoma nikirudi."

Haikuwahi kutokea. Dina alisikia lango likifungwa, kisha akaweka vidole juu ya herufi na kuviacha viende.

Aliandika kuku mwekundu ametotoa na vifaranga wote wazima. Aliandika goti la mama. Aliandika maji. Mchele mpya kutoka Mpimbwe umefika, unanukia nyumba nzima. Kisha vidole vikasimama. Aliwaza kule Inyonga, kijana mmoja akitafuta mtandao, simu imeinuliwa juu ya kichwa. Aliwaza pia uso wa baba. Vitu vyote viwili viliitikia mbali, kama redio ya jirani.

Akaandika: *Nkwabi ametutoka Jumamosi asubuhi. Tutamkumbuka daima kwa wema wake na kwa asali aliyotuletea.*

Kwamba ameenda Inyonga hakuandika, kwa sababu hiyo ilikuwa habari ya Nkwabi na si ya nyumba. Akatafuta picha. Ilikuwepo moja, Nkwabi peke yake, amevua kofia ya wavu ya kurinia asali, anatazama kamera bila kucheka. Akaiweka juu kabisa ya ukurasa. Akabonyeza. Jina likaenda.

Alisubiri moyo uruke. Haukuruka. Akainuka, akaenda kuosha vyombo.

Baba alirudi na mafua, akaenda kulala bila kusoma. Na Nkwabi, tangu Jumapili jioni mpaka Jumatatu asubuhi, hakupiga simu wala kutuma neno. Dina alisema moyoni: kumbe hata jina halikutosha. Akalisema hivyo hivyo, kwa utulivu, kama mtu anayejisomea bei ya sukari.

* * *

Jumatatu mchana, Dina akiwa amerudi kula, kilio kilianzia langoni.

"Uwii, mwanangu Dina. Uwii, mtoto mdogo hivi, umefanywa mjane kabla ya pete."

Alikuwa shangazi Pudensiana, dada yake baba, ametoka Sumbawanga. Amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, na mfuko wa maharage mkononi, kwa sababu msibani hauendi mikono mitupu. Nyuma yake walikuwa wanawake wa jirani waliovutwa na kilio. Mama Fabiani alikuwa tayari na mzigo wa kuni kichwani.

Mama alitoka jikoni, mwiko mkononi. "Wifi? Nani amekufa?"

"Unaniuliza mimi? Nyie ndiyo mmeandika."

"Tumeandika nini?"

"Nkwabi. Kijana wa asali. Ametutoka Jumamosi asubuhi." Shangazi alimkumbatia Dina kwa nguvu, akamsugua mgongo. "Lia, mama. Mbona hulii? Hajalia huyu? Mtoto asipolia msibani anaumwa moyo baadaye."

Dina alikuwa amebanwa kwenye kifua cha shangazi, chenye harufu ya safari na mafuta ya nazi. Neno lilimfikia polepole. Ametutoka. Hivyo ndivyo alivyoandika siku babu mdogo alipofariki. Hivyo ndivyo alivyomwandika kila aliyefariki. Alikuwa amemwandika Nkwabi kwa neno lile lile, akamwekea na picha juu ya ukurasa, peke yake, hacheki.

"Shangazi," alisema. "Hajafa."

"Pole, mama. Wote husema hivyo siku za kwanza."

"Hajafa kweli. Ameenda Inyonga. Amepanda basi."

Shangazi alimwachia. Akamtazama, akamtazama wifi yake, akawatazama wanawake waliokuwa wameshaanza kutandika mkeka.

"Amepanda basi," alirudia.

"Ndiyo."

"Nimelia kuanzia Sumbawanga. Dereva amesimamisha gari mbugani, abiria wakaniombea rozari. Kwa ajili ya mtu aliyepanda basi?"

Mama Fabiani alishusha kuni taratibu. "Kwani hamkupigiana simu?"

"Msiba hauulizwi kwa simu," shangazi alisema kwa ukali. "Msiba unaendewa."

Mwalimu Gervas alitoka chumbani, pua nyekundu, miwani mkononi. Dada yake alimweleza kwa maneno machache ambayo hayafai kuandikwa. Akaletewa kompyuta. Alisoma kuku, akasoma goti, akasoma mpaka mwisho, kisha akashuka kwenye maoni. Kutoka Mwanza: *Poleni sana, raha ya milele umpe ee Bwana.* Kutoka Kigoma: *Tulikuwa tukimwona kwenye picha tukajua ni mkwe, mbona mlituficha?* Kutoka Dar es Salaam: *Mwalimu, pole kwa kumpoteza mkwe.* Ukurasa mzima ulikuwa umejaa neno ambalo yeye hakulitamka hata siku moja.

"Dina," alisema.

"Abee, baba."

"Nimefundisha Kiswahili miaka yangu yote."

"Najua, baba."

"'Ameondoka' lipo. 'Amesafiri' lipo. 'Ametuaga' lipo. Wewe umechukua lipi?" Akasukuma kompyuta kuelekea kwake. "Futa. Andika, tunaomba radhi kwa usumbufu, hakuna aliyefariki."

"Watauliza nani hakufariki."

"Andika mgeni."

"Mgeni gani, Gervas?" Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka wa msiba, miguu imenyooshwa. "Watu wameshamlia kwa jina. Mtu ukishamlia kwa jina si mgeni wako tena. Dina, hebu niambie mimi niliyetoka mbali. Huyu Nkwabi ni nani?"

Mama aliushusha mwiko. Dina alimtazama baba yake, akaona jinsi mikono yake ilivyozeeka, na kwa mara ya kwanza tangu stendi kitu kilijisogeza kifuani, kidogo, kama mlango unaojaribiwa na upepo. Kilikuwa kinauma. Alikiacha kiendelee kuuma.

"Ni mchumba wangu, shangazi," alisema. "Ameleta mshenga, baba akamweleza habari za mvua. Amehamia Inyonga, na akinichukua nitaenda. Baba, nitaenda. Lakini jina lake nimeliandika mwenyewe, sikukosea. Nilikosea neno lililofuata."

Mwalimu Gervas alifungua mdomo. Simu yake ikaita mfukoni. Aliitazama, akaishika kwa mikono miwili.

"Getrude?"

Sauti ya mwanamke ilisikika mpaka kwenye mkeka, imejaa makelele ya magari. "Baba, shikamoo. Nimeona jana. Sikulala. Niko stendi ya Masasi na watoto, tumeshakata tiketi. Mwambie Dina asiwe peke yake, mwambie dada yake anakuja. Nimemwambia baba watoto safari hii hata asinizuie, mdogo wangu amefiwa."

"Watoto wote?"

"Wote, baba. Huyu mdogo ndiyo anatapika hata gari halijaondoka. Mazishi yameshafanyika?"

Kila mtu pale uani alimtazama Mwalimu Gervas, mtu ambaye alikuwa akisahihisha hata matangazo ya kanisani.

"Mwanangu," alisema, "sikiliza. Hapa hakuna..."

Mtoto alilia kwenye simu. Karibu kabisa na simu, kilio cha mtoto mdogo aliyechoka kusubiri.

"Baba? Hakuna nini?"

"Hakuna haraka," alisema Mwalimu Gervas. "Tutawasubiri. Njooni tu, mwanangu. Mfunike huyo mtoto kichwa."

Alipokata simu hakumtazama mtu. Alipangusa miwani kwa shati kwa muda mrefu sana.

"Umedanganya," mama alisema taratibu.

"Nitaungama."

"Utaungama kwa padri gani? Paroko mwenyewe yumo kwenye ile tovuti, ameandika pole."

"Basi nitaungama kwa maandishi," alisema, na wanawake wa kwenye mkeka wakacheka kwa kujizuia, mikono mdomoni, kama wanaocheka kanisani. Kisha akamgeukia Dina. "Usifute kwanza. Iache mpaka wafike Mpanda. Getrude akishashuka kwenye gari, nitamweleza mwenyewe, anitukane akiwa hapa. Na wewe mpigie huyo kijana. Anajua kwamba amekufa?"

Dina aliingia ndani kuchukua simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii ilipokelewa, na kwa muda hakukuwa na sauti ila nyuki, au mtandao mbovu wa Inyonga, hakujua.

"Nimesoma," Nkwabi alisema. Sauti yake ilikuwa bapa, haina kitu ndani. "Umeniandika jina. Nashukuru. Halafu umenizika. Nimeelewa, Dina, hukuwa na haja ya kupiga."

"Hujaelewa."

"Tutamkumbuka daima. Nimesoma mara nyingi."

"Nilikosea neno. Nkwabi, nilikuwa nimeganda, nilikuwa kama mtu anayeandika usingizini. Nilitaka kusema umeondoka na mimi siwezi. Kiswahili changu kikasema umekufa." Alipumua. Machozi yalikuwa yameanza, bila kishindo, yakishuka mpaka kidevuni. "Shangazi amekuja kukulia kutoka Sumbawanga. Dada Getrude yuko njiani na watoto. Watu wametandika mkeka. Nimewaambia wewe ni nani."

"Umewaambia?"

"Mbele ya baba."

"Na yeye amesemaje?"

Dina alitoka nje, simu sikioni. Baba alikuwa anamsaidia mama Fabiani kurudisha kuni kichwani, lakini mama Fabiani alikuwa anakataa. Alisema kwa watu wote hawa, kuni zitatakiwa.

"Baba, yuko kwenye simu."

"Mwambie aje. Aje kesho kutwa na basi la asubuhi. Mtu hakosi msiba wake mwenyewe."

Dina aliirudia kauli ile kwenye simu. Akasikiliza jibu. Akaweka kiganja juu ya simu, akamtazama baba yake.

"Anauliza aje kama nani."

Shangazi Pudensiana aliacha kupepeta maharage. Mama alisimama mlangoni. Mwalimu Gervas alivaa miwani yake, akaivua, akaangalia lango ambalo binti yake mmoja alilitokea na hakurudi, na ambalo sasa lilikuwa wazi, limesukumwa na watu waliokuja kulia.

"Mwambie kwa sasa aje kama marehemu," alisema. "Akishafufuka, atume mshenga. Safari hii sitamweleza habari za mvua."

Dina aliondoa kiganja. Hakukuwa na haja ya kurudia. Nkwabi alikuwa amesikia. Kule Inyonga alitoa sauti moja fupi, ambayo Dina hakujua kama ni kicheko au kilio, na kabla hajaijua, mtandao ukakata.